Juu ya Kilembe, Funo Bado Anategwa

Funo mwekundu wa Rwenzori haishi mahali pengine popote duniani ila kwenye mlima huu mmoja, uliogawanywa na mpaka wa Uganda na Kongo. Simba wa Ishasha ana ndugu zake Serengeti, na tembo wa mbuga ya Queen Elizabeth ana wenzake Tsavo. Funo akimalizika Rwenzori, amemalizika. Hata hivyo, simama siku ya soko mjini Kasese, au kule Mpondwe jirani na Bwera ambako Kiswahili cha Kongo na cha Uganda hukutana juu ya magunia ya muhogo na kahawa, uulize mlima huu una mnyama gani wa pekee. Utatajiwa chui, utatajiwa sokwe, pengine na kinyonga mwenye pembe tatu. Funo hatajwi, maana haonekani. Wanaomjua vizuri ni wawili tu, chui na mtegaji. Naandika makala haya kwa sababu naamini kwamba huyo wa pili ndiye aliyeshika hatima yake.

Funo ni mnyama mdogo, uzito wake hauzidi sana kilo 15. Miguu ni mifupi, makalio yako juu kidogo kuliko mabega, kichwa huinama mbele anapokimbia. Ni umbo la mnyama wa kupenya vichakani. Mgongo wake una wekundu wa kutu, shingo na kichwa vimepauka kuelekea rangi ya mdalasini, tumbo ni jeupe. Utosini ana kishungi cha nywele kinachokaribia kuzifunika pembe zake fupi zilizonyooka. Mbele ya kila jicho ana mstari wa tezi, na husugua uso wake kwenye vijiti na mashina ili kuacha harufu inayowaambia mafuno wengine kwamba hapa pana mwenyewe. Hula majani laini, maua na matunda. Jike huzaa mtoto mmoja tu kwa mara moja, akamficha kwenye majani mazito na kumrudia kumnyonyesha. Huyo mtoto mmoja mmoja ndiye kiini cha tatizo zima, na tutamrudia.

Mwaka 1901 Oldfield Thomas, bingwa wa wanyama wa makumbusho ya London, alimpa jina la kisayansi, Cephalophus rubidus. Tangu hapo wataalamu wamekuwa wakibishana. Wengine humhesabu kuwa spishi kamili inayojitegemea. Wengine husema ni tawi la funo mwenye paji jeusi, ambaye ndugu zake wamo kwenye misitu ya Virunga na juu ya Mlima Kenya. Kwa mtu wa Kilembe ubishi huo hauna uzito mkubwa. Iwe ni spishi au ni tawi, kundi hili limejitenga juu ya mlima huu kwa muda mrefu mno, limeota manyoya mazito ya kuhimili baridi, na Orodha Nyekundu ya IUCN imeliweka miongoni mwa yaliyo hatarini kutoweka.

Anayetaka kuona makazi yake apande kutoka Kilembe. Njia huanzia karibu mita 1,450 juu ya usawa wa bahari, penye nyumba za zamani za wafanyakazi wa mgodi wa shaba na Mto Nyamwamba unaopiga mawe yake mchana na usiku. Hupita Kyanjuki, mashamba ya kahawa na migomba yakaisha, msitu ukaanza. Kambi ya Sine iko karibu mita 2,600, na hapo mianzi imekwisha kushika mlima. Ukivuka mita 3,000 unaingia nchi ya erika, miti ambayo kwingineko ni vichaka vya kufikia goti lakini hapa hurefuka kama mikaratusi, imefunikwa ndevu za ukungu kuanzia shina hadi ncha. Mutinda iko zaidi ya mita 3,500, Bugata zaidi ya mita 4,000. Huko juu ni lobelia na senesio zilizosimama kwenye mabonde ya matope, na nyasi zinazoota kwa vishungi, kila kishungi kikiwa kisiwa. Anayepanda huruka kutoka kishungi hadi kishungi, na akikosea huzama hadi gotini au zaidi. Mvua inaweza kupita milimita 2,000 kwa mwaka. Siku kavu ni zawadi.

Funo wanapatikana kuanzia msitu wa chini, lakini makao yao makuu yako juu ya mita 3,000, na wamewahi kuonekana kwenye mita 4,200. Hilo ni jambo la ajabu kwa jamii yake. Mafuno na nsya kwa kawaida ni wanyama wa msitu wa joto na vichaka vya nyanda za chini. Huyu amepanda hadi jirani na barafu, mahali ambapo maji huganda usiku na kuyeyuka asubuhi, na bado anapata majani ya kula. Afrika Mashariki haina kondoo mwitu wala mbuzi mwitu wa milimani kama wale wa Simien kule Ethiopia. Kwenye Rwenzori, nafasi ambayo milima mingine ya dunia imewapa wanyama hao imekaliwa na funo huyu mdogo pamoja na jirani yake, perere.

Perere anastahili nafasi yake hapa, kwa kuwa uwindaji wa Rwenzori haueleweki bila yeye. Msituni yeye ni mnyama wa usiku anayeishi kwenye mashimo ya miti, na kelele zake zinazopanda ngazi kwa ngazi hadi ziwe kilio zimewatisha wageni wengi wasiozijua. Juu ya mlima, palipokosa miti mikubwa, perere amehamia kwenye mawe. Huishi kwa makundi kwenye nyufa za majabali, hutoka mchana kuota jua likipatikana, na huacha vinyesi vyake mahali pamoja mwaka hadi mwaka, hata mwamba ukabadilika rangi. Alama hiyo humsaliti. Mwindaji anayepita ng'ambo ya bonde huliona doa jeupe kwenye jabali akajua wapi atege. Naye hazai kwa wingi: mimba yake huchukua zaidi ya miezi saba, muda mrefu kwa mnyama mwenye ukubwa wa sungura, na watoto ni mmoja au wawili.

Kwa Wakonzo, wenyeji wa mlima huu, perere alikuwa nyama na alikuwa nguo. Wazungu wa kwanza kufika miteremko hii mwishoni mwa karne ya 19 waliwakuta wanaume wamejifunga mavazi yaliyoshonwa kwa ngozi za perere na za nyani, na ukilala usiku mmoja tu kwenye baridi ya Mutinda utaelewa kwa nini. Uwindaji wa mlimani haukuwa mchezo wa mtu mmoja mmoja. Kila mgongo wa mlima ulikuwa na mkuu wake, na mkuu huyo alikuwa na usemi juu ya nani apande, lini, na wapi. Kila ukoo ulikuwa na mnyama wake usiyemla. Wawindaji walimheshimu Kalisa, mlinzi wa wanyama, anayesimuliwa kuwa nusu ya mtu, mwenye mkono mmoja na mguu mmoja. Hakuna aliyeingia msituni bila kumwachia chochote. Juu kabisa, kwenye theluji, palikuwa kwa mungu wao Kitasamba, na huko mwindaji hakukanyaga. Sisemi kwamba zamani wanyama hawakuuawa wengi. Nasema uwindaji ulikuwa na mwenye kuulizwa.

Tena mtu anayepanda Rwenzori leo, awe Mjerumani au Mganda kutoka Kampala, anapanda kwa njia za wawindaji. Wao ndio waliofungua vijia kwenye mianzi, wakatambua wapi mto unavukika na wapi jabali limejikunja likawa pango la kulala. Tarehe 18 Juni 1906, Duke wa Abruzzi kutoka Italia alipofika kilele cha Margherita, mita 5,109, kambi yake kuu ilikuwa Bujongolo, chini ya mwamba uliojitokeza kama paa la nyumba. Wakonzo waliombebea mizigo walikuwa wanapajua mahali pa aina hiyo tangu kwa baba zao. Vitabu vya safari ile vimejaa majina ya wapelelezi wa Kizungu yaliyopewa milima, Stanley, Speke, Baker, Emin, Gessi. Mapango ya wawindaji yalibaki na majina ya Kikonzo, na binafsi naona hayo ndiyo majina yanayosema ukweli kuhusu nani alikuwa pale kwanza.

Serikali ya kikoloni ililitangaza eneo la juu kuwa hifadhi ya msitu mwaka 1941. Miaka 15 baadaye, 1956, reli ikafika Kasese, na shaba ya Kilembe ikaanza kuteremshwa kuelekea pwani. Mgodi ulileta maelfu ya watu, mishahara, shule, hospitali na duka la nyama. Wakati huohuo kulikuwa na Rwenzururu, harakati za Wakonzo za kudai kujitawala, zilizoanza 1962 chini ya Isaya Mukirane na kuendelea hadi 1982. Kwa miaka hiyo yote mlima ulikuwa ngome, na watu walioishi juu kwa muda mrefu walikula kilichokuwepo. Uchumi wa Uganda ukaporomoka wakati wa Amin. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 mgodi ukasimamisha uchimbaji. Bonde lililokuwa na mishahara likabaki na nyumba tupu na vijana wengi wasio na kazi, na mlima uko palepale nyuma ya nyumba.

Hapo ndipo waya ulipochukua nafasi ya kamba. Mtego wa zamani ulikuwa wa kamba ya msituni, ambayo huoza. Mtegaji asiporudi, baada ya miezi michache mvua imekwisha kuula mtego wake. Waya hauozi. Waya wa breki ya baiskeli au uliotolewa kwenye tairi bovu hukaa msituni miaka. Mtegaji huchagua kijia cha funo, na ni rahisi kukijua kwa kuwa funo hupita palepale kila siku. Huziba pande zote mbili kwa uzio mfupi wa matawi na kuacha tundu moja. Hupinda mti mchanga, akaufunga waya, akakitandaza kitanzi juu ya kishimo kidogo kilichofunikwa majani, na kukishikiza kwa kijiti cha kufyatulia. Funo akikanyaga, mti hunyanyuka na mguu umenaswa. Kama mtegaji yuko karibu, mnyama hufa siku ileile. Kama mvua imemzuia mtegaji kupanda, au amesikia askari wako bondeni, funo hukaa pale akining'inia hadi afe, na nyama huoza bila mtu kuila.

Kitanzi hakichagui. Hakimtofautishi dume mzee na jike mwenye mimba, wala funo na chui mchanga. Turudi kwa yule mtoto mmoja mmoja. Mnyama anayezaa kwa kasi ya panya anaweza kuvumilia mitego mingi. Mnyama anayezaa mtoto mmoja, kwenye eneo ambalo lote ni mlima mmoja, hawezi. Jike akinaswa, mtoto aliyefichwa naye hufa, na hakuna kundi jingine mahali fulani litakaloteremka kuja kujaza pengo.

Mwaka 1991 sehemu ya juu ilitangazwa kuwa Hifadhi ya Taifa ya Milima ya Rwenzori, yenye ukubwa unaokaribia kilomita za mraba 1,000, na mwaka 1994 UNESCO ikaiingiza kwenye Urithi wa Dunia. Uwindaji ukawa kosa. Kisha vita vikaja. Novemba 1996 waasi wa ADF waliingia kupitia Mpondwe, wakapanda mlimani, na hifadhi ikafungwa kuanzia 1997 hadi 2001. Kwa miaka hiyo juu kulikuwa na watu wenye bunduki na njaa, na askari wa wanyamapori hawakuweza kufanya doria. UNESCO iliiweka Rwenzori kwenye orodha ya urithi ulio hatarini mwaka 1999 na kuiondoa 2004. Upande wa pili wa mlima, ndani ya Hifadhi ya Virunga iliyoanzishwa 1925, hali imebaki ngumu hadi leo. Wanande wa upande huo na Wakonzo wa huku ni watu wamoja, wana lugha moja na ndoa za kuvuka mpaka, na funo nao huvuka bila kuulizwa karatasi. Doria ya upande mmoja ni nusu ya doria.

Njia ya Kilembe ilifunguliwa upya kwa wapanda mlima mwaka 2009, na hilo limebadilisha mambo kwa namna ambayo haijaandikwa vya kutosha. Kila mgeni anayepanda huhitaji mwongozaji, mpishi na wabeba mizigo kadhaa, na siku za safari ni nyingi, saba, nane au zaidi kwa anayetaka kufika Margherita. Miongoni mwa wanaobeba mizigo hiyo wapo waliokuwa wakipanda njia ileile na waya begani. Anayejua kutembea juu ya matope ya Bugata usiku alijifunzia wapi? Kipato cha mbebaji si kikubwa, lakini ni fedha inayotoka mlimani bila kumwaga damu ya mnyama, na inaingia moja kwa moja kwenye nyumba ambayo zamani ingeletewa funo.

Shida ni kwamba kazi hiyo ina misimu. Wageni huja kwa wingi Julai na Agosti, tena Desemba hadi Februari. Katikati ya hapo mvua hushika mlima, wageni hukauka, ada za shule hazikauki. Mafuriko nayo yameongeza maumivu. Tarehe 1 Mei 2013 Nyamwamba ilivunja kingo zake, ikabomoa nyumba na kuharibu hospitali ya Kilembe, na Mei 2020 ikarudia. Familia iliyopoteza shamba la kahawa kwa siku moja haiwezi kusubiri wageni wa Julai. Ukitaka kujua lini mitego huongezeka, tazama lini mifuko ya watu ni mitupu.

Sheria ya Uganda haina upole. Sheria ya Wanyamapori ya mwaka 2019 inaruhusu faini ya hadi shilingi bilioni 20 au kifungo cha maisha kwa makosa yanayohusu wanyama walio hatarini kutoweka. Naiunga mkono sheria hiyo kwa wafanyabiashara wa pembe za ndovu na magamba ya kakakuona. Kwa mtu wa Kyanjuki aliyekamatwa na mguu wa funo kwenye mfuko, sidhani kama inafanya kazi iliyokusudiwa. Huyo hajasoma gazeti la serikali. Hesabu yake ni ya leo jioni. Akifungwa, watoto wake hubaki, na mmoja wao anajua ule waya wa baba ulifichwa wapi.

Sehemu nyingine za dunia zilikwisha kukabili swali hili kwa wanyama wao wa milimani. Kwenye majangwa ya kusini-magharibi mwa Marekani na kaskazini mwa Mexico kuna kondoo mwitu mwenye pembe kubwa zilizojikunja, anayeishi kwenye majabali makavu na kuweza kukaa siku kadhaa bila maji. Katika karne ya 19 wachimba madini na wafugaji walimwinda ovyo, na kondoo wa kufugwa wakamwambukiza homa ya mapafu. Sehemu nyingi zikabaki majabali matupu. Mwaka 1936 watoto wa skauti wa jimbo la Arizona waliendesha kampeni ya kumwokoa, na mwaka 1939 maeneo mawili makubwa, Kofa na Cabeza Prieta, yakatengwa kwa ajili yake. Baadaye wanyama walihamishwa kutoka milima yenye wengi kwenda milima iliyokwisha.

Kisa kinachonivutia zaidi ni cha Kisiwa cha Tiburón, Mexico. Mwaka 1975 kondoo 20 hivi walipelekwa kisiwani humo. Waliongezeka hadi kufikia mamia, na kuanzia miaka ya 1990 vibali vichache vya kuwinda madume viliuzwa kwa mnada kwa matajiri, kwa bei inayoweza kununua nyumba. Fedha hizo ziliifikia jamii ya Wakomkaak, wenyeji wa kisiwa hicho. Wenyeji wenyewe wakawa na sababu ya kumzuia mtu yeyote asimguse kondoo nje ya utaratibu.

Wapo watakaosema Rwenzori ifanye vivyo hivyo. Uganda yenyewe ilirudisha uwindaji wa kulipia mwaka 2001 kwa majaribio jirani na Ziwa Mburo. Kwa funo nasema hapana, na sababu zangu ni za kawaida kabisa. Kondoo yule ni mkubwa, huonekana kwa darubini umbali wa kilomita nzima, na umri wa dume husomeka kwenye pete za pembe zake, kwa hiyo mwindaji anaweza kuelekezwa ampige mzee ambaye amekwisha kuzaa. Funo haonekani, hahesabiki kwa macho, na pembe zake hazimwambii mtu chochote. Kuuza kibali cha mnyama usiyejua wako wangapi ni kuuza usicho nacho. Kinachofaa kuchukuliwa kutoka Tiburón ni lile wazo la kwamba mapato ya mnyama yafike kwa mwenye mlima, na kwamba mnyama ahesabiwe kwanza.

Jirani zaidi nasi kwa historia ni Oman, ambako jamaa wengi wa pwani yetu wana undugu. Kwenye milima ya kaskazini ya nchi hiyo anaishi mbuzi mwitu wa Arabuni, mdogo, mwenye nywele ndefu, naye hapatikani ila kwenye milima ya upande huo. Katikati ya miaka ya 1970 bonde la Wadi Sarin lilitengwa kwa ajili yake, na waliopewa kazi ya ulinzi walikuwa wanaume wa makabila ya bonde lenyewe, watu waliozaliwa kwenye majabali hayo na kujua kila chemchemi. Waliajiriwa kwa mshahara wa kudumu, wakabaki nyumbani kwao, wakiheshimiwa na watu wao.

Hilo ndilo ninaloliomba Rwenzori. Mamlaka ya Wanyamapori Uganda, UWA, ina askari hodari, lakini hawatoshi kwa mlima wenye mabonde kama haya, na wengi wao walizaliwa mbali. Askari anaweza kupita hatua mbili kutoka kwenye kitanzi asikione. Mtegaji wa zamani hukiona kwa namna majani yalivyolala. Kikosi cha kudumu cha wang'oa mitego kutoka Kilembe, Ibanda, Bwera na vijiji vingine vya ukingoni, wanaolipwa kila mwezi, pamoja na miezi ya mvua, kingeng'oa waya nyingi kuliko tishio lolote la kifungo. Watu haohao wanaweza kupewa kamera za kutega, zile zinazopiga picha zenyewe mnyama akipita, maana wanajua vijia vya funo vilipo. Hapo ndipo hesabu ya kuaminika itakapoanzia.

Fedha si ndoto. Sheria inataka asilimia 20 ya viingilio vya hifadhi irudi kwa jamii zinazopakana nayo. Mara nyingi huishia kwenye miradi ya kata, jambo jema, lakini nyumba ya mtegaji haioni tofauti. Sehemu ya fedha hiyo ingeweza kuwa mshahara. Tayari UWA imeingia mikataba na vijiji inayowaruhusu wenyeji kuchukua mianzi, dawa za miti shamba na kamba kwa utaratibu maalumu, kwa hiyo kukaa meza moja si jambo jipya. Shirika la Fauna & Flora International nalo limewahi kufanya kazi na UWA pamoja na Wakonzo ili mila za mlima ziingie kwenye usimamizi wa hifadhi. Ufalme wa Wakonzo, Obusinga bwa Rwenzururu, uliotambuliwa rasmi na serikali mwaka 2009, una uwezo ambao hakuna afisa aliye nao: mkuu wa mgongo wa mlima akisema bonde fulani limefungwa, mzee na kijana husikia.

Kuna jambo moja ambalo uwindaji hauhusiki nalo na ambalo linafanya haraka iwe ya lazima. Barafu ya Rwenzori, iliyofunika karibu kilomita za mraba 7 mwaka 1906, ilikuwa imebaki chini ya 1 kufikia mwaka 2003, na imeendelea kupungua. Februari 2012 moto uliunguza maeneo ya juu ambayo wazee walidhani hayawezi kuungua kwa unyevu wake. Joto likipanda, ukanda wa mimea husogea juu, na mlima una ncha. Mnyama anayesogea juu hatimaye hukosa pa kwenda. Hatuwezi kuigandisha theluji upya kutoka Kasese. Waya tunaweza kuung'oa.

Kwa walimu wa Kilembe na Bwera: waonyesheni watoto picha ya funo, wamjue kwa jina kabla hawajamjua kwa ladha. Kwa wapanda mlima: mkiona kitanzi, mwambieni mwongozaji wenu akitoe na kukiripoti, wala msipite kimya. Kwa wakuu wa UWA: ajirini watu wanaojua kutega, muwalipe mwaka mzima. Na kwako unayeletewa kipande cha nyama ya mlimani jioni, kimefungwa kwenye jani la mgomba, kwa bei ya chini kuliko ya mbuzi: usinunue.